Muindi Mbingu na swali la nani alipe

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hufika Mtito Andei akiwa amekwisha kata karibu nusu ya safari. Basi husimama, abiria wakashuka kunyoosha miguu na kunywa chai, kisha wakaenda zao. Ni wachache waulizao maana ya jina la mji huo, ambalo kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba chini ya ardhi ile, si mbali na reli na barabara kuu, limelazwa bomba ambalo tangu mwaka 1978 hupitisha mafuta kutoka bandarini hadi Nairobi, na kwamba kimojawapo cha vituo vya kuyasukuma kimejengwa papo hapo. Mafuta ya nchi nzima hupita karibu na mashamba ya watu ambao wengi wao hawamiliki hata pikipiki.

Watu hao ni miongoni mwa wale waliolipa gharama ya ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020. Misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo katika Pembe ya Afrika na sehemu kame za nchi yetu. Aliyepanda mahindi hakuvuna, na mwenye mbuzi aliwauza kwa bei ya kutupa kabla hawajamfia mikononi. Mwaka 2023 kundi la wanasayansi lilikadiria kwamba ongezeko la joto la dunia, lililoletwa na binadamu, lilifanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea takriban mara 100 kuliko hapo kale. Joto hilo lina chanzo chake kikuu, nacho ni makaa ya mawe, mafuta na gesi. Chanzo hicho kina wauzaji, na wauzaji hao wana majina na ofisi. Kwa nini basi alipe mwenye mbuzi wa Mtito Andei?

Swali hilo si geni katika Ukambani. Lilikwisha ulizwa mwaka 1938 na mtu ambaye leo twakanyaga jina lake kila tupitapo mbele ya Soko la Jiji mjini Nairobi. Mtu huyo ni Muindi Mbingu. Vijana wetu wanaujua mtaa lakini hawamjui mwenyewe, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikimrudisha nyuma kidogo.

Muindi Mbingu alikuwa mtu wa Ngelani, katika vilima vya Iveti karibu na mji wa Machakos. Aliishi katika zama ambazo Wakamba walikuwa wakipunguziwa nafasi ya kupumua. Kabla ya ukoloni, mfugaji wa vilimani alipoona majani yamekwisha aliwaswaga ng'ombe wake hadi nyikani, akairudia ardhi yake ilipokwisha pumzika. Nyika ndiyo iliyokuwa ghala na akiba yake. Serikali ya kikoloni ilipoingia ilichora mipaka. Vilima vya Mua vikatwaliwa na walowezi, nyanda nyingine za malisho zikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, na Wakamba wakafungiwa ndani ya rizavu. Watu waliongezeka, mifugo nayo ikaongezeka, ilhali ardhi ilibaki ileile.

Kisha ukaja ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1920, wakaja nzige, ukaja tena ukame wa miaka ya 1930. Kufikia katikati ya miaka hiyo, vilima vya Machakos vilikuwa vimevuliwa nguo. Mvua iliponyesha, udongo mwekundu uliteremka na maji na kuacha makorongo nyuma yake. Haifai kuuficha ukweli huo kwa kumpenda Muindi. Ardhi ilikuwa imeharibika, na mwenye macho aliona.

Wataalamu wa serikali walikuja, wakapima, wakapiga picha na kuandika ripoti za kutisha. Wakati huohuo habari za vumbi lililofunika mashamba ya Marekani zilikuwa zimewatia hofu watawala wa makoloni mengi. Ripoti zilisema kwamba ng'ombe wa Wakamba wamezidi kiasi cha malisho. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili, kwamba malisho yalipungua kwa kuwa yalikuwa yamechukuliwa, haikupewa uzito wake. Na aghalabu anayesoma nusu ya hesabu humtoza asiyestahili kutozwa.

Dawa iliyoamuliwa ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwenye ng'ombe alipangiwa idadi atakayobaki nayo, na waliozidi walipelekwa mnadani apende asipende. Mnunuzi naye alikuwa tayari. Kampuni ya Liebig, iliyojulikana duniani kwa bidhaa zake za nyama, ilikuwa imejenga kiwanda Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ndogo. Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Mkamba alikuwa amekwisha kulipa mara ya kwanza kwa ardhi yake. Sasa alitakiwa kulipa mara ya pili kwa ng'ombe wake, ili kuponya jeraha ambalo hakulitia peke yake. Kwa upande wa pili, mlowezi aliyepata ardhi na mwenye kiwanda aliyepata nyama hawakudaiwa hata senti.

Ni lazima kukumbuka ng'ombe alikuwa nini kwa watu wale. Ng'ombe ndiye aliyekuwa mahari na ndiye aliyekuwa benki. Mvua ilipokosekana, ng'ombe mmoja aliuzwa ili watoto wanunuliwe nafaka. Kumwondolea mtu mifugo yake katika nchi kame kwa hoja ya kumwokoa na ukame ni sawa na kumnyang'anya mwavuli kwa hoja ya kumkinga na mvua.

Hapo ndipo alipojitokeza Muindi Mbingu. Hakuwa chifu. Machifu walikuwa watumishi wa serikali na wengi wao walikuwa wakiitekeleza amri ileile iliyolalamikiwa. Mwaka 1938 Muindi na wenzake, wakiwemo Elijah Kavula, Isaac Mwalonzi na Simon Kioko, walikiongoza chama kilichoitwa Ukamba Members Association. Walishirikiana na viongozi wa Kikuyu Central Association, na walipata msaada wa Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Walianza kwa njia ya adabu kama ilivyo desturi ya wanaodhulumiwa, wakapeleka malalamiko kwa maandishi. Minada haikukoma.

Mwishoni mwa Julai 1938 waliamua kwenda wenyewe. Maelfu ya Wakamba, wake kwa waume, waliteremka kutoka vilimani wakashika njia ya Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 60. Hawakuwa wamebeba silaha. Walipofika walipiga kambi Kariokor, mahali palipopewa jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu yao hawakurudi makwao. Wakamba walikuwamo kwa wingi katika kikosi hicho. Watu waliokwisha mlipia Mwingereza vita vyake walikaa hapo kumwuliza ni kwa nini walipe tena.

Dai lao lilikuwa dogo mno. Walitaka kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham, wamweleze kwa midomo yao wenyewe. Gavana hakutaka kuonana nao Nairobi, nao hawakutaka kurudi. Wiki zikapita. Hatimaye gavana alikwenda Machakos kuhutubia baraza, lakini hakuifuta amri. Muda si mrefu Muindi alikamatwa, na kwa amri ya serikali akahamishiwa Lamu. Mtu wa vilima na ng'ombe akatupwa kisiwani, mahali ambapo asingeweza kuisikia hata kengele ya fahali mmoja wa kwao.

Ikiwa watawala walidhani mambo yatakwisha kwa kumwondoa mtu mmoja, walikosea. Wakamba waliendelea kukataa. Isitoshe, vijana wengi wa Kikamba walikuwa askari katika jeshi na polisi, na serikali ilihofu kwamba kilio cha wazazi kingefika kambini. Malalamiko yalifika London pia. Kabla mwaka 1938 haujaisha, serikali ilisimamisha upunguzaji wa mifugo kwa nguvu. Muindi alishinda akiwa uhamishoni. Chama chake kilipigwa marufuku mwaka 1940, pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wataita. Yeye mwenyewe alirudishwa nyumbani baada ya miaka kadhaa, akauawa mwaka 1953, nchi ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari. Hakuiona bendera ya uhuru. Tulichompa ni kibao cha mtaa.

Lakini historia ilimpa zaidi ya kibao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ardhi ya Makueni ilifunguliwa ili Wakamba wapate mahali pa kuhamia. Watu wa vilimani, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, walichimba matuta yale yanayoitwa fanya juu, wakapanda miti na kuzuia maji. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa miaka 60 ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1992. Watu walikuwa wameongezeka kutoka wapatao 238,000 mwaka 1932 hadi kama milioni 1.4 mwaka 1989, na bado mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Nchi iliyotangazwa kuwa inakufa kwa wingi wa watu na ng'ombe iliponywa na watu haohao, walipoachiwa mali yao na kupata nafasi ya kuamua.

Hili ndilo funzo la maisha ya Muindi kama ninavyolielewa. Hakukana kwamba ardhi ni mgonjwa. Alichokataa ni bili ya hospitali kupelekwa kwa jirani asiyestahili. Na bili hiyo imerudi tena.

Tuisome basi bili ya leo. Mwaka 2014 mtafiti Richard Heede alichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya hewa chafu ya viwanda iliyotolewa tangu mwaka 1751 hadi 2010 inatokana na bidhaa za wazalishaji 90 tu, wengi wao wakiwa makampuni ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, ya watu binafsi na ya serikali. Wala hayakosi kujua yote. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanasayansi walioajiriwa na kampuni ya Exxon walikuwa wamekadiria kwa usahihi mkubwa, tangu miaka ya 1970, jinsi dunia itakavyoongezeka joto. Hata hivyo kampuni hiyo kwa miaka mingi ilitia watu shaka juu ya jambo hilohilo. Katika ripoti za mwaka 1938 nusu ya ukweli ilipuuzwa. Katika kadhia hii ilifunikwa.

Wapo watakaosema kwamba sote twachoma mafuta, kwa hiyo sote tu wakosaji. Ni kweli kwamba lori lisimamalo Mtito Andei linatoa moshi. Lakini Mkamba wa mwaka 1938 pia alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wake walikula majani. Kuchangia kosa hakumfanyi mtu alipe deni zima, na haki hugawa mzigo kwa kadiri ya kosa na ya faida aliyoipata kila mmoja. Ukipima hivyo, bara zima la Afrika linabaki na sehemu ndogo mno ya hewa chafu iliyolundikana angani.

Wengine watasema kwamba tukiyatoza makampuni, yatapandisha bei ya petroli na sisi ndio tutakaolipa. Hofu hiyo ina msingi kama tozo itawekwa juu ya lita. Lakini iko njia nyingine. Mwaka 2024 majimbo ya Vermont na New York huko Marekani yalipitisha sheria za kuyadai makampuni makubwa kwa hewa chafu iliyokwisha tolewa miaka ya nyuma. New York ilipanga kukusanya dola bilioni 75 katika miaka 25, za kujengea miundombinu ya kuhimili mafuriko na joto. Deni la aina hiyo hupigwa juu ya historia ya kampuni, si juu ya pipa litakalouzwa kesho, na mwenye deni dogo humzuia mwenye deni kubwa asipandishe bei apendavyo. Sheria hizo zilifunguliwa kesi mara moja, na hilo si ajabu. Hakuna mdaiwa aliyepata kupenda daftari la madeni.

Huko Ujerumani nako, mkulima mmoja kutoka Peru aliishtaki kampuni ya umeme ya RWE mwaka 2015 kwa hatari ya mafuriko inayotokana na kuyeyuka kwa barafu juu ya mji wake. Mwezi Mei 2025 mahakama ya Hamm iliitupilia mbali kesi yake kwa kuwa hatari kwa nyumba yake haikuthibitika kiasi cha kutosha. Lakini ilikubali msingi wenyewe, kwamba mtoaji mkubwa wa hewa chafu aweza kuwajibishwa kwa madhara yaliyo mbali naye.

Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka katika bomba hilohilo la Mombasa na Nairobi, yakaingia katika bonde la mto Thange, jirani ya Mtito Andei. Visima na mashamba yakaharibika. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2025 mahakama ya mazingira na ardhi huko Makueni iliamuru Kampuni ya Mabomba ya Kenya ilipe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 3. Ilichukua miaka kumi, na ni miaka mingi mno kwa mtu asiye na maji safi. Lakini kanuni imetamkwa katika ardhi yetu na kwa sheria zetu. Aliyemwaga mafuta kisimani alipe. Imebaki kuuliza ni kwa nini aliyemwaga moshi angani asamehewe, kwa sababu tu anga haina mwenye hati.

Nimeacha hoja iliyo ngumu zaidi iwe ya mwisho, nayo yatuhusu sisi wenyewe. Katika bonde la Mui, huko Kitui, kuna makaa ya mawe, na kwa miaka mingi kumekuwa na mipango ya kuyachimba. Huko Lamu, upande wa bara wa kaunti yenye kisiwa kilekile alikohamishiwa Muindi, palikusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, hadi baraza la rufaa la mazingira lilipoifuta leseni yake mwezi Juni 2019, kwa kuwa pamoja na kasoro nyingine wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hatuwezi kusimama kudai fidia ya moshi huku mkono mmoja ukitafuta kiberiti. Anayedai deni sharti mikono yake iwe safi, au angalau aanze kuinawa.

Yupo pia atakayeuliza, kwa haki kabisa, kama fedha hizo zikija hazitaliwa njiani. Jibu liko Makueni. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilikuwa ya kwanza nchini kuweka kanuni za mfuko wa hali ya hewa, ikatenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na kamati za wadi zikapewa nafasi ya kuchagua miradi. Zipo kamati zilizochagua mabwawa ya mchanga, yanayohifadhi maji chini ya mto uliokauka. Chombo kipo, ingawa kina kasoro zake kama chombo chochote cha binadamu. Lakini fedha zilizomo ni kodi ya watu walewale walioumia. Ndiyo hesabu ya mwaka 1938 tena, kwamba mgonjwa ajinunulie dawa na pia amlipie aliyemjeruhi.

Basi tufanye nini? Muindi na wenzake walipokaa Kariokor walijua kila boma limepoteza ng'ombe wangapi. Leo tunadai kwa hotuba, na hotuba haina risiti. Kila wadi, kuanzia Mtito Andei hadi Mwingi, iweke daftari la hasara: mbuzi waliokufa, ekari zilizokauka, visima vilivyoshuka, watoto walioacha shule, pamoja na tarehe. Wabunge wetu watunge sheria itakayoziwezesha kaunti kuwadai wazalishaji wakubwa wa mafuta na makaa ya mawe kwa daftari hilo mkononi. Na wajumbe wetu wanaokwenda kwenye mikutano ya dunia waache kushukuru kwa ahadi za misaada, kwa maana anayelipa deni hatoi sadaka.

Huenda tukakataliwa mara ya kwanza, kama walivyokataliwa wao. Wao walikaa Kariokor wakasubiri, na kiongozi wao alipochukuliwa hawakuuza ng'ombe. Siku utakaposhuka basi Mtito Andei na kuagiza chai yako, tazama lile bonde kavu ng'ambo ya barabara, kisha uulize ni nani aliyelilipia.